Kimya cha Karakana

Watu wa filamu walimwita Kimya, na usidhani ni kwa sababu ya upole. Thubutu! Alipoingia mahali na maiki yake ndefu na hedifoni shingoni, kila kitu chenye sauti kilijua siku yake imefika. Alizima friji za watu bila kuomba ruhusa. Aliwavua watu saa mikononi. Kuna siku alimtoa nje mwigizaji mkuu, mtu mzima na heshima zake, eti tumbo lake linanguruma, na yule bwana akaenda kula mkate barabarani huku amenuna. "Kimya!" ndilo neno alilolisema kuliko neno lolote jingine maishani mwake, basi likamganda.

Baba yake naye aliitwa Redio. Sidhani kama nina haja ya kueleza. Alikuwa seremala, fundi hasa, kabati lake halikuwa na mlango wa kulialia, lakini mdomo wake haukujua mapumziko. Aliongea akipiga randa, aliongea akipima, aliongea na misumari mitatu kati ya meno. Ukienda kwake kuchukua kigoda, ujue utarudi na kigoda pamoja na habari za ukoo mzima wa aliyeuza mbao. Utani wake aliucheka mwenyewe kabla hajaufikisha mwisho, na wewe ukajikuta unacheka hata hujui unacheka nini. Sasa katika nyumba hiyo, ndipo akazaliwa mtoto wa kiume asiyevumilia hata mlio wa kijiko kikombeni. Mungu naye ana mambo yake.

Kimya alikuwa na dada mkubwa, na mama yao alipofariki, dada huyo alibaki na mzee. Kimya alipanga mbali, karibu na studio, akawa anakuja mara mojamoja. Ugomvi hawakuwa nao hata kidogo. Mzee alimpigia simu karibu kila siku, na kila siku Kimya alikuwa katikati ya kitu.

"Baba, niko kazini. Baadaye, sawa?"

"Haya, mwanangu. Baadaye. Ila nikuambie tu, yule jirani aliyenunua meza..."

"Baba."

"Haya, haya. Kazi njema."

Basi ikawa hivyo miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyeona ubaya wake.

Ndipo ikaja ile filamu. Mwongozaji, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya uwanja, alikuwa akitafuta karakana ya useremala. Hadithi yake ilimhusu seremala mzee ambaye binti yake anaondoka nyumbani bila kuaga, na mwisho wa filamu mzee yule anaketi peke yake katikati ya mbao zake, hasemi kitu. Kimya akasema, baba yangu anayo karakana. Alisema bila kufikiri sana, na mzee aliposikia alifurahi hadi akafagia maranda ya miaka, kisha mwongozaji akamwomba ayamwage tena.

Jamani, ile wiki! Hebu fikiria Redio anaambiwa anyamaze, tena ndani ya karakana yake mwenyewe, mbele ya mwigizaji anayejifanya fundi. Siku ya kwanza alijitahidi. Akauma midomo, akafumba macho, akashika mashavu. Kamera inazunguka, mwigizaji ananyanyua nyundo kwa huzuni kubwa, mara mzee:

"Ah-ah-ah! Usiishike shingoni, baba, utajiponda kidole!"

Watu wote wakavunjika mbavu. Mwongozaji alicheka hadi akakaa chini. Kimya peke yake hakucheka. Alivua hedifoni akamwangalia baba yake kama unavyomwangalia mtoto aliyekojoa mbele ya wageni.

"Baba, tafadhali."

"Nimekoma," mzee akasema. "Haki ya Mungu, nimekoma."

Hakukoma, bila shaka. Lakini wale watu walimpenda. Wakati wa chakula walimzunguka, naye akawapa hadithi moja baada ya nyingine, huku mwanawe amekaa pembeni anafuta nyaya zake kwa kitambaa.

Sasa kuna kazi moja ambayo watu wa sauti huifanya kabla ya kufungasha, na wenyewe huiita kuokota kimya. Kila chumba kina kimya chake. Karakana ya bati hainyamazi sawa na sebule yenye zulia, na hata karakana hiyohiyo asubuhi si ya jioni. Wakati wa kuunga filamu, maneno ya waigizaji hukatwa hapa na kubandikwa pale, na katikati hubaki matundu. Ukiliacha tundu wazi, mtazamaji anashtuka, anahisi spika imekufa. Kwa hiyo unaliziba kwa kimya cha chumba kilekile. Ndiyo maana mwisho wa kazi watu wote husimama walipo, hawajikuni, hawahemi kwa nguvu, na fundi anarekodi dakika nzima ya hakuna kitu.

Siku ya mwisho, mchana haujaingia bado, Kimya alitangaza dakika yake. Watu wakasimama. Mzee alikuwa kwenye kona ya meza yake ya kazi. Dakika haijafika hata nusu, kitu kikaanguka. Kikaokotwa. Kikaanguka tena.

"Baba!" Kimya alivua hedifoni. "Wiki nzima nimekuomba. Dakika moja tu inakushinda?"

Watu walitazama chini. Kimya akasema wanarudia. Alipokwisha kubonyeza kitufe, mzee akafungua mdomo.

"Mwanangu, hebu..."

Kimya hakugeuka hata kumtazama. Alinyoosha tu mkono juu, kiganja wazi, vile anavyowanyamazisha watu wa kazi. Na mzee akanyamaza. Akanyamaza sawasawa kwa mara ya kwanza maishani mwake, dakika nzima hadi ikaisha. Kimya alirekodi kimya safi kuliko vyote alivyowahi kuokota, akafurahi, akafunga masanduku. Gari la mwongozaji lilikuwa linapiga honi.

"Tutaongea baadaye, baba."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja ameubana kwapani. Alitikisa kichwa tu.

Dada mtu alikuwa amekwenda kumtazama rafiki yake aliyejifungua. Alikuwa amemwahidi mzee kurudi kumpakulia chakula cha mchana, ila si unajua tena nyumba yenye mtoto mchanga, kila ukisimama unaambiwa kaa kidogo. Aliporudi, jua limeshapinda. Alimkuta baba yake amelala juu ya maranda, macho wazi, mdomo umekwenda upande.

Kiharusi. Hospitalini daktari aliuliza swali moja, kisha akalirudia: kilianza saa ngapi? Mngemleta mapema, alisema, hata saa mbili tatu mapema, tungeokoa mengi, pengine hata maneno yake. Dada akamgeukia mdogo wake.

"Wewe ulikuwa naye asubuhi. Hukuona kitu?"

"Hapana, dada. Nilimwacha mzima kabisa."

Na hakuwa anadanganya, kwa moyo wake aliamini hivyo. Kwa hiyo lawama zote zikabaki kwenye saa zile ambazo dada alikaa kwa rafiki yake. Aliacha kwenda popote. Hata yule mtoto wa rafiki yake hakwenda kumwona tena, alikuwa hataki hata kumsikia akitajwa. Kila alipomlisha mzee uji, kila alipomfuta kidevu, alisema lilelile: "Ningeondoka pale mapema." Kimya alikuwa akimshika bega na kumwambia, "Usijilaumu, dada. Yeyote angechelewa." Alilisema kwa upole sana, kama mtu anayesamehe. Fikiria hilo.

Mzee alipona kwa kadiri alivyopona. Mguu ulirudi kidogo, mkono wa kulia haukurudi. Maneno ndiyo yalikwenda moja kwa moja. Redio, yuleyule Redio, akawa wa kukaa kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe, anatazama watu wakiongea. Zamani Kimya angelipia kuipata nyumba ile ikiwa tulivu namna hiyo. Sasa alikuwa akiingia, anakaa robo saa, anatoka nje kutafuta pumzi.

Miezi ikapita, filamu ikafika mezani kwake studio. Waliifanyia kazi onyesho moja baada ya jingine hadi lile la mwisho, seremala wa filamu anapoketi peke yake. Mwongozaji alikuja na muziki tayari, vinanda vya kulilia.

"Hapa weka huu," alisema. "Watu watatoa vitambaa."

"Sitaki."

"Hutaki wewe nani?"

"Mama, sikiliza. Ukiweka muziki unawaambia watu walie sasa. Watalia, watafuta macho, wataenda nyumbani kula. Huyu mtu amebaki peke yake. Acha na wao wabaki naye. Wasikie bati likitanuka juani. Wasikie kwamba hakuna mtu anayekuja."

"Na wakichoka?"

"Yeye hajachoka?"

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe mwongozaji alikubali kuitazama bila muziki. Ilipokwisha akasema, "Basi irefushe. Kama ni kimya, kiwe kimya kweli. Mara mbili ya hapo." Akabeba muziki wake akaondoka, na Kimya akatabasamu peke yake, ameshinda.

Tatizo ni kwamba kile kimya safi sasa hakikutosha. Angeweza kukirudia mara mbili, ila alikuwa na kiburi cha kazi. Alisema masikio makini yangegundua. Akakumbuka ile dakika ya kwanza, iliyoharibika. Hakuwa ameisikiliza tangu siku ile. Alidhani angepata humo vipande vizuri kabla kitu hakijaanguka. Na tena kulikuwa na maiki ya pili, ndogo, aliyoificha chini ya meza ya mzee kwa ajili ya mwigizaji, ikirekodi peke yake pembeni. Siku ile hakuwa akiisikiliza katika hedifoni. Akaifungua hiyo.

Alisikia bati. Alisikia nzi. Alisikia penseli ikigonga sakafu, mlio mdogo wa mti mwembamba. Kisha kiti kikasogea, mzee akahema akiinama, vidole vikakwaruza sakafu, vikakwaruza tena, vikakosa, vikakosa, vikapata. Penseli ikaanguka tena palepale. Na chini ya pumzi, kwa sauti ndogo ambayo mtu yeyote aliyesimama hatua mbili asingeisikia, baba yake aliuuliza mkono wake:

"Wewe leo una nini?"

Kisha sauti yake yeye mwenyewe, kali, karibu, inajaza chumba: "Baba! Wiki nzima nimekuomba..."

Kimya alivua hedifoni akaziweka mezani taratibu, kama zinaweza kupasuka. Seremala huyo alikuwa na penseli sikioni tangu kabla mwanawe hajazaliwa. Hajawahi kuiangusha. Yeye mwanawe, mwenye masikio ya kutambua friji ya nyumba ya tatu, alisikia penseli ikianguka mara mbili akasikia kelele tu. Akaagiza warudie. Akamsimamisha mtu ambaye kiharusi kimeshamshika mkono, dakika nzima, asiseme. Kimya kile safi, kile alichokipigania mezani, kile ambacho mwongozaji alikitaka kirefu mara mbili, kilikuwa ni baba yake akimtii.

Alilia palepale, kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake. Ukuta wa studio ulikuwa umezibwa vizuri, hakuna aliyemsikia.

Kesho yake mchana alikwenda nyumbani na kompyuta yake ya mkononi na hedifoni. Dada alikuwa sebuleni anakunja nguo za mzee, mzee yuko kwenye kiti chake karibu na dirisha. Kimya alikuwa amejipanga njia nzima namna ya kulisema, na alipofika yote yakamtoka.

"Dada, kaa. Vaa hizi."

"Ni nini? Nina nguo za kukunja."

"Vaa tu, dada yangu. Nakuomba."

Akavaa. Kimya alimtazama usoni wakati anasikiliza. Kwanza uso ulifunguka, kwa maana karakana ilikuwa humo, kama ilivyokuwa. Halafu penseli ikaanguka, na hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa amemlisha mtu yule miezi yote hiyo, vijiko vingapi vimeanguka hivyohivyo. Mkono ulimwenda mdomoni. Kimya akabonyeza ile dakika ya pili, akamwacha asikie "Mwanangu, hebu..." na kile kilichofuata, yaani hakuna kitu.

Dada akavua hedifoni.

"Asubuhi," alisema. "Kumbe ilikuwa asubuhi."

"Ndiyo."

"Mimi bado niko hapa nyumbani naosha vyombo. Hata sijatoka."

"Ndiyo, dada."

"Na wewe ukanishika bega. Kila siku unanishika bega, 'usijilaumu, dada.'" Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Yule mtoto ameanza kutembea sasa. Nimekataa kwenda kumwona. Nilikuwa nikimsikia tu, naona nimemuua baba yangu kwa ajili yake."

"Nisamehe."

"Usiniambie mimi sasa hivi. Sijui nitakwambia nini." Akazishika zile nguo alizokwisha kuzikunja akaanza kuzikunja upya.

Hapo ndipo mzee akagonga kiti kwa kiganja cha kushoto. Alikuwa akiwatazama muda wote huo, na sasa alikuwa ananyoosha mkono, anataka zile hedifoni. Ndugu wawili walitazamana. Dada ndiye aliyezichukua akamvalisha, akamwekea nywele vizuri pembeni. Kimya hakutaka. Kidole chake kilisita juu ya kitufe, mzee akagonga tena kiti, ndipo Kimya akabonyeza.

Mzee alisikiliza karakana yake. Alifumba macho. Ilipofika sauti yake, sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu siku ile, alishtuka akafungua macho, akamtafuta mwanawe. Kimya alijua sasa amefika wapi. Amefika kwenye neno lile. Amefika pale alipokatwa.

Na mzee akaendelea.

Alivua hedifoni kwa mkono wake mzima, akamkazia macho mwanawe, akafungua mdomo akazungumza. Hayakuwa maneno. Ilikuwa ni sauti tu, nzito, imejikunja, mate yanamtoka upande, lakini ilipanda na kushuka kama mazungumzo, ilikuwa na swali ndani yake, ilikuwa na mahali pa kuvuta pumzi, tena katikati yake kulikuwa na kitu kilichomchekesha mwenyewe, akacheka kabla hajakimaliza, kama zamani. Aliuinua ule mkono uliokufa kwa mkono mzima, akauonyesha, akaurudisha mapajani. Akazungumza tena. Nje pikipiki ilipita, mtu akaita mtu, bomba la jirani likafunguliwa. Kimya alipiga magoti mbele ya kiti, akasogeza uso karibu kabisa. Hakumwomba mtu yeyote anyamaze.

Mzee alizungumza muda mrefu. Kisha akamaliza, akaegemea kiti, akamtazama mwanawe, anasubiri ajibiwe.

"Amesema nini?" dada akauliza nyuma yake, polepole.

Kimya alikuwa amesikiliza kila sauti, tangu ya kwanza hadi ya mwisho.

"Sijui," alisema. "Dada, sijui."